Mama Joséphine na kioo cha nyuzi nne

Mama Joséphine Musoki hashiki chombo cha mutu mbele ya kunawa mikono. Ananawa na sabuni, anakausha na kitambaa ambacho hakitoi manyoya, kisha anakaa kimya, mikono juu ya meza, mpaka itulie. Watu wa avenue yetu hapa Shari, Bunia, wanafikiri anaomba. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Ninangoja damu ishuke, Mama Davy. Damu ikipiga kwa vidole, kioo inasikia."

Mimi na bwana yangu Claude tunapanga chumba nyuma ya nyumba yake, pamoja na mutoto wetu Davy, ambaye ameanza kutambaa. Claude analima upande wa Marabo, na anarudi wakati barabara iko salama. Siku zingine tunabaki watatu katika uwanja wa ile parcelle: mimi, mutoto, na Mama Joséphine.

Yeye ni mutu wa Butembo. Alifika Bunia akiwa bibi mupya wa fundi wa saa aliyeitwa Kamate, na walikuwa na meza ndogo karibu ya soko. Kamate alikuwa na macho makali lakini vidole vinene. Bibi yake alikuwa na vidole vyembamba. Basi kazi ikajigawanya yenyewe: bwana anaona, bibi anashika. Kisha simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa. Kisha Kamate akafa kwa ugonjwa wa figo. Mama Joséphine akabaki na vibano vyake, tournevis ya kuzungushia skuru, nyembamba kama sindano, na lile jicho la fundi la kukuza vitu. Mwaka muzima aliuza maharagwe. Aliniambia kwamba mwaka ule mikono yake ilikuwa kama imehama.

Mupimaji mumoja wa viwanja ndiye aliyemurudisha kazini. Alimuletea nivo ya laser iliyoanguka, akasema hapa Bunia hakuna mutu wa kuitengeneza, na kuituma mbali ni kuipoteza. Mama Joséphine hakuwa ameona kitu cha namna ile. Akaifungua, akakaa nayo siku ine, akaifunga, na ikaanza kusema kweli. Tangu siku ile wanamuletea.

Nieleze hiyo nivo, sababu bila hiyo hakuna habari. Ni kisanduku cha njano, kizito kama nusu ya tofali. Ndani kuna mwanga mwekundu na kioo kidogo kama ukucha wa mutoto, kilichoning'inia kwa nyuzi nne nyembamba kuliko nywele. Hata ukiweka kisanduku mahali penye kuinama kidogo, kioo kinajisimamisha chenyewe, na mwanga unaenda sawasawa kama uso wa maji mpaka ukuta wa mbali. Hapo inatokea nukta nyekundu, na wajenzi wanaifuata. Lakini kisanduku kikianguka, uzi mumoja unatoka mahali pake, kioo kinaegemea, na nukta inaanza kudanganya. Inawaka vilevile, nyekundu vilevile. Hilo liliniogopesha tangu mwanzo, kwamba uongo wake na ukweli wake vina sura moja.

"Ni kama mutoto kwa mugongo," Mama Joséphine aliniambia. "Kikwembe ya kumufunga ikilegea upande moja, analala vibaya, na weye unaendelea kutembea, huoni."

Zamani binti yake Solange ndiye alikuwa anamusaidia kutazama nukta. Solange akaolewa, akarudi Butembo. Basi kazi ya kutazama ikaniangukia mimi. Nilimaliza ya sita primaire huko Djugu, mbele hatujakimbia vita, na kazi hii haikuomba masomo. Nilipaswa kusimama kwenye ukuta wa mwisho wa korido, hatua kumi na mbili kutoka kwa meza, na kutazama kama nukta inakaa juu ya mustari. Ule mustari Mama Joséphine aliuchora kwa tuyo, ule mupira wa plastiki wenye maji, kama wanavyofanya masoni, wale wajenzi wa zamani, sababu maji katika tuyo yanajisawazisha bila kuuliza mutu.

Kutoka kwenye meza yeye hakuweza kuona vizuri nukta ilipokaa, macho yake ni ya karibu tu. Mimi nilikuwa macho ya mbali. Tulipatana maneno matatu. Nukta ikiwa chini ya mustari, ninasema "drua", naye anazungusha kiskuru kidogo cha kioo kuume, nukta inapanda. Ikiwa juu, ninasema "gosh", anazungusha kushoto. Ikifika, ninasema "basi". Nyuma ya lile neno "basi" anatoa mikono, tunangoja kidogo, ninatazama mara ya pili. Kisha anageuza kisanduku nyuma-mbele, sababu mwanga unatoka pande zote mbili, ninatazama mara ya tatu. Mara tatu, hata kama nyumba inaungua. Ndivyo alivyosema.

Mwaka huu katika mwezi wa ine, siku ya kazi tatu, yaani Jumatano, akaja Rachidi. Yeye ndiye shefu wa masoni katika kazi ya mufereji wa avenue yetu, mutu wa tumbo kubwa na mizaha mingi. Akaweka kisanduku juu ya meza kama anaweka mutoto kwa munganga.

"Mama, mugonjwa huyu. Alianguka toka kwa pikipiki. Lakini hakulia."

"Wenye hawalii njo wanakuwaka wagonjwa sana," Mama Joséphine akajibu.

"Basi mupe dawa ya mbio. Siku ya posho asubuhi tunamwanga betoni. Kesho kutwa jioni ninapita kumuchukua."

"Mbio ni ya nani, Rachidi, yako ama ya mvua?"

"Ya mvua, mama. Miye na tumbo hii nikimbie nini?"

Tulicheka wote watatu, lakini lile neno mvua halikuniacha. Mwaka uliopita, mwezi wa tisa, mvua ilinyesha toka saa nane mpaka jioni, na maji yote ya juu yakaja kwetu, sababu avenue yetu imelala, haina mahali pa kuyapeleka. Davy alikuwa na juma tatu. Nilisimama juu ya kitanda, nikamuinua juu ya kichwa changu, na maji yalikuwa yanagonga kitanda kwa chini kama mutu anataka kufunguliwa. Ukuta wa jirani yetu muzee Henri uliangukia upande wa barabara. Yeye walimupata kesho yake, amekufa, karibu ya daraja. Tangu siku ile, mawingu yakikusanyika, mikono yangu inatafuta mutoto mbele kichwa changu hakijajua sababu.

Kwa hiyo ule mufereji ulikuwa wetu. Ulipaswa kuchukua maji toka kwa mulango wetu mpaka mutoni, na kwa kuwa pale ni tambarare, ulipaswa kushuka kidogo sana, upana wa kiganja tu kwa mètre makumi sita. Nivo ikisema uongo kidogo, maji hayatajua njia ya muto.

Kesho yake, siku ya kazi ine, Mama Joséphine akafungua kisanduku. Nilikaa mulangoni na Davy, sababu mutoto anapiga chafya, na pumzi tu inaweza kutikisa zile nyuzi. Alivaa jicho lake la fundi. Uzi mumoja ulikuwa umetoka kwenye kijino chake na kujikunja. Kwa kibano aliunyoosha pole pole, muda murefu kama wa kupika maharagwe, bila kuukata. Mara mbili nilimuona akisimamisha kazi na kuweka mikono mezani. Nilipouliza kama kuna nyuzi zingine za badala, alisema, "Hakuna. Kwa hiyo hapana kuniuliza."

Mchana ule akawasha mwanga kwa kujaribu, na mulango wa nyuma ulikuwa wazi. Nukta ikapita korido, ikapita mulango, ikaenda kutulia juu ya ukuta wa jirani yetu Geneviève, aliyekuwa anaanika nguo. Niliona beseni ikianguka. Niliona Geneviève akilala chini, uso kwenye matope, mikono juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwa sauti ndogo, mara nyingi, "Wanatulenga, wanatulenga." Milango ya avenue yote ikafungwa kwa wakati mumoja, sababu hapa nukta nyekundu watu wanaijua kwa bunduki. Mimi mwenyewe, aliyejua kwamba ni nukta ya Mama Joséphine, nilijikuta nimelala juu ya Davy.

Chef d'avenue, mukubwa wa avenue yetu, alikuja kuuliza. Mama Joséphine akamuonyesha kisanduku, akaomba musamaha, akaenda kumusaidia Geneviève kufua nguo upya.

"Siku ingine ukitaka kuniua, mama, piga hodi kwanza," Geneviève akamuambia, midomo ikitetemeka bado.

Tangu saa ile tukaweka kikwembe kizito kwa mulango wa nyuma, na tukafanya kazi gizani mchana.

Siku ya kazi tano ilikuwa ya kurekebisha. Rachidi alikuja saa kumi, mbele ya wakati, akaacha pikipiki ikiunguruma inje, akaita, "Mama, mugonjwa amepona? Vijana wananingojea, tunaweka mbao mbele ya giza."

"Bado kidogo," akasema Mama Joséphine. Niliona mikono yake, haikupenda ile kelele.

Nikaenda kwa ukuta wangu. Davy nilimuweka juu ya mukeka, upande wa jikoni, na kijiko mukononi. Nukta ilikuwa chini ya mustari.

"Drua," nikasema. Ikapanda.

"Drua." Ikapanda kidogo.

"Gosh." Ikashuka. "Drua, kidogo sana."

Ikafika. Ikakaa katikati ya mustari, nzuri, bila kutetemeka. Nilifurahi kama ni mimi niliyeitengeneza. Na palepale nikasikia kijiko kikianguka jikoni, na Davy kimya. Mama anajua ukimya wa mutoto wake. Mbabula, jiko letu, ilikuwa kule na makaa ya moto. Nikasema mbio, "Iko drua, mama," nikaruka kwenda jikoni.

Davy alikuwa ameshika muguu wa mbabula. Hakuungua, mukono ulikuwa kwa sehemu ya baridi, lakini nilimukamata na kukaa chini naye.

Toka chumba cha kazi Mama Joséphine akaita, "Mama Davy. Umetazama mara ya pili?"

Nilikuwa nimekaa chini. Davy alikuwa juu ya mapaja yangu. Na nukta nilikuwa nimeiona, imekaa vizuri.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na nimegeuza. Iko namna gani?"

Pikipiki ya Rachidi iliunguruma. Davy akaanza kulia.

"Iko vizuri."

Nikasikia akifungua chupa ndogo ya rangi ya kucha. Tone moja anaweka juu ya kiskuru, ili kisitembee tena. Harufu yake ikafika mpaka jikoni. Kisha Rachidi akaenda na kisanduku.

Kesho yake, siku ya posho, yaani Jumamosi, nilikuwa nafua nguo za Davy karibu ya barabara, saa mbili asubuhi. Pikipiki ya taksi ikasimama, na mama mumoja mwenye mufuko wa unga akashuka na hasira.

"Nilikuambia drua, weye umekata huku."

"Si huku njo drua?" Motard akainua mukono wake wa kuume. "Mukono ya kulia, mama. Drua."

"Mukono nani amekuambia? Drua, mbele, bila kukata. Kunyooka."

"Ah, mama, kwa shule yenu drua ziko ngapi?"

"Ziko mbili, na weye hauna hata moja."

Watu wakacheka. Mimi pia nilianza kucheka. Kisha maji ya sabuni yakakauka mikononi mwangu.

Wasomi wana droit ya kunyooka na droite ya kuume, na wanazitenganisha kwa ulimi. Sisi tulioishia primaire tunatamka zote sawasawa. Jana nilisema iko drua. Nilitaka kusema imenyooka, iko sawa. Lakini kati yetu, kwa ile kazi, drua ilikuwa na maana moja tu: zungusha kuume. Na Mama Joséphine ni mutu wa kufuata neno. Alizungusha. Nukta ilipanda, na mimi nilikuwa jikoni nimekaa chini, ninasema ndiyo.

Kutoka mbali nilisikia mashini ya betoni ikianza kuzunguka.

Ninaandika hofu ile kama ilivyokuwa. Kwanza sikuwaza maji. Niliwaza kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nivo inaweza kuanguka tena, masoni wanaweza kukosea wenyewe. Kisha nikawaza Mama Joséphine, ambaye watu wanamuletea vyombo toka mbali, toka Mahagi, kwa sababu moja tu, kwamba akisema iko sawa, iko sawa. Nikisema, neno lake linavunjika. Nikinyamaza, linavunjika pia, lakini siku ya mvua, na labda na nyumba juu yake. Na atanifukuza, na Claude yuko Marabo, na nitaenda wapi na mutoto. Nilizunguka ule uwanja mara mbili na nguo ya Davy mukononi, ikichuruzika maji juu ya miguu yangu.

Nikaingia. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, jana sikutazama."

Hakuinua kichwa. "Hukutazama nini?"

"Mara ya pili. Na ya tatu. Davy alikuwa kwa moto. Na nilisema drua, lakini nilitaka kusema basi."

Mikono yake ikasimama katika majani. Nilingoja kelele. Ningependa kelele.

"Ulisema drua, na nilizungusha," akasema. "Robo." Akaonyesha kwa vidole viwili, hewani, robo ya muzunguko. "Na uliniambia umetazama."

"Niliongopa, mama."

Alinitazama sasa. Sijasahau yale macho, hayakuwa na hasira. Yalikuwa na woga, woga kama wangu, na sikujua kwamba mutu mukubwa vile anaweza kuogopa kama mimi. Akasimama, akanawa mikono, akafunga kitambaa kichwani, akachukua tuyo ya maji toka kwa musumari wa ukuta. "Funga mutoto," akasema. "Twende."

Mashini ilikuwa inazunguka. Mbao zilikuwa zimesimama toka mulango wetu mpaka mutoni, safi, na kamba juu yake. Masoni sita walisimama na koleo. Rachidi alituona, akafungua mikono.

"Mama mwenyewe. Anakuja kubariki betoni."

"Anakuja kuomba betoni ya kubakia, ya choo yake," mumoja akasema, wakacheka.

"Rachidi, mwana wangu," Mama Joséphine akasema. "Simamisha. Tupime kwanza na tuyo."

"Tuyo?" Rachidi akatazama ule mupira wa plastiki kwa bega lake. "Mama, tuko mwaka gani? Niko na laser, weye mwenyewe umeitengeneza, unaniletea kitu ya bababu?"

"Sikuitengeneza vizuri. Kosa ni yangu. Nilifunga mbele ya kuhakikisha."

Kicheko kikapungua, lakini si kwa heshima. Niliona masoni wawili wakitazamana, na mumoja akasema pole pole, "Nilikuambia, kazi ya macho si ya mwanamuke muzee." Mama Joséphine alisikia. Alibaki amesimama wima, tuyo begani, na hakuongeza neno. Hakutaja jina langu. Angeondoka pale na lile neno juu yake, na mimi nimefunga mutoto kwa mugongo kama mupita-njia.

Sauti yangu ilitoka ndogo sana, ikabidi niirudie.

"Shefu, si yeye. Ni miye nilikuwa natazama. Nilisema nimeona, na sikuona. Yeye alifuata neno langu."

"Weye ni nani?"

"Mama Davy. Ninakaa hapa, mulango ya kwanza. Mwaka jana maji iliingia kwangu." Nikaonyesha mulango wetu na mukono. "Ukimwanga vile iko, maji itarudi kwangu. Pima tu, papa. Ukikuta niko mujinga, utanicheka."

Rachidi alitazama mashini, akatazama mbingu, ambayo upande wa Djugu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Akatukana, si mutu, hewa tu. Kisha akainua mukono, mashini ikazimwa.

Tuyo ilikuwa ya mètre makumi mbili, basi tulipima mara tatu, toka kigingi mpaka kigingi. Mama Joséphine alishika ncha ya upande wetu, Rachidi mwenyewe ncha ingine. Walitoa mapovu ya hewa kwa kugonga na kidole. Walingoja maji yatulie. Mara ya kwanza Rachidi alichora alama ya maji kwa kigingi. Mara ya pili alipima tena peke yake. Ya tatu, kando ya muto, alichuchumaa, akaweka kiganja chake kati ya alama na mbao, akakiondoa, akakiweka tena.

Upande wa muto ulipaswa kuwa chini yetu kwa kiganja kimoja. Ulikuwa juu yetu kwa vidole viwili.

Hakuna aliyecheka. Rachidi alirudi akitembea pole pole, na nilirudi nyuma hatua moja, sababu sikujua atafanya nini.

"Ningemwanga," akasema. Alisema tena, "Mama, ningemwanga."

Betoni iliyokuwa imechanganywa waliipeleka na brueti, toroli lao, mbele ya mulango wa chapelle, kanisa dogo la hapo karibu, isiharibike bure. Mbao wakaanza kuzing'oa. Na Mama Joséphine akaomba meza, akaomba kivuli, akanawa mikono na maji ya masoni. Alikwangua ile rangi ya kucha na ncha ya tournevis. Mikono yake haikutulia upesi kama nyumbani. Tulingoja wote, watu kumi wazima, mpaka ilipotulia.

"Mama Davy, enda kwa ukuta ya chapelle," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Masoni pia.

"Huyu tena?" Rachidi akauliza.

"Huyu. Leo hatasahau."

Nilimupa mama mumoja Davy amushike. Nilisimama mbele ya ukuta, pua yangu karibu iuguse, na mustari mupya wa tuyo, uliochorwa pale, ukiwa mbele ya macho yangu. Nukta ilikuwa juu. Gosh, nikasema. Gosh. Kidogo. Ilipofika nilisema neno lake, basi, na sikusonga. Nilitazama mara ya pili. Alipogeuza nilitazama mara ya tatu, kisha Rachidi alikuja kutazama mwenyewe, kisha masoni wawili, mumoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaopita kuaga maiti.

Walimwanga betoni siku ya kazi moja, yaani Jumatatu. Ile mvua ya posho ilipita upande mwingine, lakini juma lililofuata ilikuja ya kweli, saa tisa mchana. Niliweka godoro juu ya meza, nikafunga Davy kwa mugongo, nikasimama mulangoni bila viatu. Maji yalishuka toka juu, ya rangi ya udongo, yakaingia katika mufereji, yakasimama kidogo kama yanawaza, na pale nilishika mulango kwa mikono miwili. Kisha yakaenda. Yalienda pole pole, yakibeba majani na chupa, upande wa muto. Nilibaki nimesimama mpaka ikakatika. Godoro sikulishusha siku ile.

Lakini habari inatembea kuliko maji. Masoni walisema, na waliosikia wakasema vyao. Mutu wa Mahagi aliyekuwa ameacha chombo chake alikuja kukichukua bila kutengenezwa, akasema ana haraka. Miezi miwili hakuna aliyeleta kitu. Mama Joséphine alifungua kila asubuhi, akapangusa meza, akanawa mikono, akakaa. Hakunifukuza. Hakuniambia neno baya. Aliniomba maji, aliniomba chumvi, alimubeba Davy, na mimi kila siku nilingoja siku atakayosema, na ile siku haikuja, na kungoja kulinila.

Claude aliporudi nilimuambia yote. Alisema, "Tuhame?" Nilisema sijui.

Kisha katika mwezi wa saba, asubuhi moja, Rachidi akasimama mulangoni na kitu amekifunga katika blanketi.

"Hii si yangu," akasema. "Ni ya rafiki. Nilimuambia kuna mama mumoja hapa Bunia alisimamisha mashini yangu ya betoni." Akamutazama Mama Joséphine, akanitazama mimi. "Sikumuambia zaidi."

Ilikuwa nivo ingine, kubwa kuliko ile. Kioo chake kilikuwa kimeegemea, lakini nyuzi zote nne zilikuwa mahali pake. Mama Joséphine alikaa nayo siku mbili. Ya tatu akafunga mulango na kikwembe, akamupa Geneviève Davy amushike kule kwake, mbali na mbabula, akawasha.

"Mama Davy, kuja."

Nilienda kwa ukuta. Nikapangusa mikono juu ya nguo. Ile nukta ilikuwa inatetemeka, kisha ikatulia juu ya mustari, nyekundu, nzuri.

"Iko wapi?" akauliza toka gizani.

Neno "drua" lilinifika mudomoni, nikalirudisha. Nikatazama tena mbele ya kujibu.